Mtoto hujitengenezea damu yake tumboni: Mambo ambayo kila mama mjamzito na familia yake wanapaswa kujua

Mama mjamzito anapofika kliniki kwa mara ya kwanza, iwe ni katika hospitali ya Tawa au katika zahanati iliyo karibu na kwake, kuna mambo mawili ambayo hayakosi. Hutolewa damu kidogo ili ipimwe, na hupewa tembe za madini ya chuma na asidi ya foliki za kumeza kila siku hadi atakapojifungua. Wengi hurudi nyumbani na tembe hizo bila kuelewa kazi yake. Wengine huzimeza kwa wiki mbili, wakaona choo kimekuwa cheusi au kichefuchefu kimezidi, wakaziweka juu ya kabati na kuzisahau.

Tembe hizo zina uhusiano wa moja kwa moja na kazi kubwa inayoendelea tumboni tangu wiki za kwanza kabisa za ujauzito. Mtoto anajitengenezea damu, na malighafi yote ya kazi hiyo hutoka kwa mama. Makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika hatua kwa hatua, na sababu ya wahudumu wa afya kusisitiza kuhudhuria kliniki mapema.

Damu mbili zisizochanganyika

Kuna imani iliyoenea kwamba mtoto aliye tumboni hunywa au hufyonza damu ya mama yake. Ndiyo maana mama akipauka husemwa kwamba mtoto amemaliza damu. Ukweli ni tofauti kidogo. Damu ya mama na damu ya mtoto ni damu mbili, na kwa kawaida hazichanganyiki.

Zinapokaribiana ni kwenye kondo la nyuma, kiungo kinachojishika kwenye ukuta wa mji wa mimba. Ndani ya kondo, damu ya mama hupita upande mmoja na ya mtoto upande wa pili, zikitenganishwa na utando mwembamba sana. Kupitia utando huo, mtoto hupokea oksijeni, maji, sukari, madini na vitamini, naye hutoa uchafu wa mwili wake ukaondolewa na mama. Chembechembe nyekundu za damu zenyewe hazivuki.

Ndiyo sababu mama wa kundi la damu la O anaweza kuzaa mtoto wa kundi A au B. Mtoto hakupewa damu na mama. Aliitengeneza mwenyewe, kwa kufuata maelekezo aliyorithi kwa mama na kwa baba.

Kazi ya chembechembe hizi nyekundu ni kubeba oksijeni na kuifikisha kila sehemu ya mwili. Ndani yake mna himoglobini, ambayo ndiyo inayoshika oksijeni na kuipa damu rangi nyekundu. Katikati ya himoglobini kuna madini ya chuma. Bila chuma hakuna himoglobini, na bila himoglobini damu haiwezi kubeba oksijeni ya kutosha.

Hatua ya kwanza: Mfuko wa kiini

Fundi anayejenga nyumba huanza na kibanda cha muda cha kuwekea saruji na vifaa, kisha anahamia chumba kimoja kikikamilika, na mwisho mwenye nyumba anaingia nyumba yenyewe. Utengenezaji wa damu ya mtoto huenda vivyo hivyo. Huhama kutoka mahali hadi mahali kadiri mwili unavyokua.

Kibanda cha kwanza ni mfuko wa kiini, kifuko kidogo kilichoungana na kiinitete nje ya mwili wake. Mnamo wiki ya tatu baada ya mimba kutungwa, visiwa vidogo vya chembechembe za damu huanza kuonekana kwenye ukuta wa mfuko huo. Muda mfupi baadaye, moyo huanza kupiga na kuzisukuma chembechembe hizo mwilini.

Hapa inafaa kufafanua hesabu. Kliniki huhesabu umri wa mimba kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, takriban wiki mbili kabla ya mimba kutungwa. Kwa hiyo wiki ya tatu baada ya kutungwa ni wiki ya tano kwenye kijitabu cha kliniki. Kwa mama wengi, huo ni wakati ambapo hedhi imechelewa kwa siku chache tu, na pengine hajajua kwamba ana mimba. Mtoto tayari ameanza kutengeneza damu.

Chembechembe za mwanzo ni kubwa kuliko za baadaye, na huingia kwenye mzunguko zikiwa bado na kiini ndani yake. Pia zina aina ya himoglobini ya wiki hizo za mwanzo pekee. Ni damu ya kuanzia tu, ya kumwezesha mtoto mdogo kuliko punje ya mahindi kuendelea kukua.

Hatua ya pili: Ini

Baada ya wiki chache, mfuko wa kiini hauwezi tena kukidhi mahitaji. Mbegu za damu, yaani seli mama ambazo chembechembe zote za damu hutokana nazo, husafiri na kuingia kwenye ini changa la mtoto. Kufikia mwisho wa miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito, ini ndilo kiwanda kikuu cha damu. Wengu nao husaidia kwa kiasi kidogo.

Kwa mtu mzima, ini huchakata chakula kilichofyonzwa na kusafisha damu. Halitengenezi damu. Lakini kwa mtoto aliye tumboni, mama hufanya sehemu kubwa ya usafishaji huo kupitia kondo, na ini la mtoto hupata nafasi ya kuwa kiwanda cha damu kwa miezi kadhaa.

Chembechembe zinazotoka kwenye ini ni ndogo kuliko zile za kwanza, na hupoteza kiini chake kabla ya kuingia kwenye mzunguko, kama ilivyo kwa mtu mzima. Hubeba himoglobini ya aina ya pili, inayojulikana kama himoglobini ya mtoto tumboni.

Ini pia ndilo linalotoa amri ya kuongeza uzalishaji. Oksijeni ikipungua, ini la mtoto huachilia homoni inayoitwa erithropoietini, ambayo huhimiza seli mama zizae chembechembe nyekundu zaidi. Homoni ya mama haivuki kondo, kwa hiyo mtoto hutegemea yake mwenyewe. Baada ya kuzaliwa, kazi ya kutoa homoni hiyo huhamia kwenye figo, na hubaki huko maisha yote.

Hatua ya tatu: Uboho

Makao ya kudumu ya utengenezaji wa damu ni uboho, ule ute laini ulio ndani ya mifupa. Uboho huanza kutengeneza damu kidogo mnamo wiki ya 11 hivi ya ujauzito, lakini haushiki usukani mara moja, kwa kuwa mifupa yenyewe bado ni midogo na laini. Ni katika miezi mitatu ya mwisho ndipo uboho unapokuwa kiwanda kikuu, huku ini likipunguza kazi yake pole pole hadi karibu na kuzaliwa.

Tangu hapo, uboho hauachi. Kwa mtu mzima mwenye afya, hutengeneza zaidi ya chembechembe nyekundu milioni 2 kila sekunde, kwa sababu kila chembechembe huishi takriban siku 120 tu kabla ya kuchakaa na kuondolewa.

Himoglobini yenye mshiko wa nguvu

Mtoto aliye tumboni hapumui hewa. Oksijeni yake yote hutoka katika damu ya mama, ambaye naye anaihitaji. Mtoto anapataje sehemu yake?

Jibu liko katika himoglobini ya mtoto tumboni. Aina hii hushika oksijeni kwa nguvu kuliko himoglobini ya mtu mzima. Damu hizo mbili zinapokaribiana kwenye kondo, oksijeni huachana na himoglobini ya mama na kushikwa na ya mtoto. Isitoshe, mtoto hubeba himoglobini nyingi kuliko mama. Mtoto aliyetimiza miezi yake huzaliwa na kiwango ambacho kwa kawaida ni kati ya gramu 14 na 20 kwa kila desilita ya damu. Kwa mama mjamzito, Shirika la Afya Duniani, WHO, limekuwa likitumia gramu 11 kama mpaka ambao chini yake husemwa ana upungufu wa damu.

Mwili wa mtoto, basi, umejiandaa vyema. Lakini maandalizi hayo yanategemea mama kuwa na damu ya kutosha ya kubeba oksijeni, na akiba ya kutosha ya madini ya chuma.

Chuma kinatoka wapi?

Katika ujauzito mzima, mwili wa mama huhitaji takriban gramu 1 ya madini ya chuma, sawa na miligramu 1,000. Karibu miligramu 300 huenda kwa mtoto na kondo la nyuma. Sehemu kubwa zaidi hutumika kuongeza damu ya mama mwenyewe, na iliyobaki hufidia chuma kinachopotea mwilini kila siku.

Damu ya mama huongezeka sana wakati wa ujauzito. Maji ya damu huongezeka kwa karibu nusu, lakini chembechembe nyekundu huongezeka kwa kiasi kidogo kuliko hicho. Ni kama uji ulioongezwa maji. Hata mama mwenye afya njema huonyesha kipimo cha chini kidogo anapokuwa mjamzito. Asipokuwa na akiba ya chuma, kipimo hicho huporomoka.

Mtoto huchukua sehemu kubwa ya chuma chake katika miezi mitatu ya mwisho. Wakati huo huo ndipo uboho unaposhika kazi, na ndipo mtoto anapoweka akiba kwenye ini atakayoitumia baada ya kuzaliwa. Maziwa ya mama yana chuma kidogo, ingawa mtoto hukifyonza vizuri. Kwa hiyo katika miezi 6 ya kunyonya bila kupewa kitu kingine, mtoto hutegemea sana akiba aliyokuja nayo. Aliyezaliwa kabla ya wakati hukosa sehemu ya akiba hiyo, na ndiyo maana watoto njiti hufuatiliwa kwa karibu na mara nyingi huongezewa chuma kwa maagizo ya daktari.

Kondo hujitahidi kumpa mtoto chuma kwanza hata mama anapopungukiwa. Mtoto anaweza kuzaliwa akiwa na damu ya kuridhisha ilhali mama yake amepauka. Lakini upungufu wa mama ukizidi, akiba ya mtoto nayo hupungua, na hatari ya kuzaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo huongezeka.

Hatari iliyo kubwa zaidi kwa mama

Kila mama hupoteza damu kiasi anapojifungua. Mwenye damu ya kutosha huhimili. Aliye na upungufu mkali, yaani himoglobini chini ya gramu 7, anaweza kuwa hatarini hata kwa kiasi ambacho mama mwingine angekivumilia. Kuvuja damu baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya kina mama nchini Kenya na kwingineko barani Afrika.

Kwa familia zinazoishi kwenye miteremko ya Mbooni, ambako safari ya usiku hadi hospitali inaweza kuwa ndefu na barabara kuteleza wakati wa mvua, jambo hili lina uzito wa pekee. Damu ya mama haiongezeki kwa siku moja. Tembe huchukua wiki kadhaa kupandisha kipimo. Upungufu unaogunduliwa mwezi wa nne una muda wa kutibiwa kwa tembe. Ukigunduliwa uchungu umeshaanza, njia inayobaki mara nyingi ni kuongezewa damu, na damu hiyo lazima iwepo hospitalini.

Hapa ndipo jamii nzima inapohusika. Damu haitengenezwi kiwandani. Hutolewa na watu. Mtu mwenye afya njema, wa umri wa miaka 16 hadi 65 na uzito wa kilo 50 au zaidi, anaweza kuchangia baada ya kupimwa na wahudumu. Kinachotolewa ni takriban mililita 450, na uboho wake hurudisha chembechembe hizo katika wiki zinazofuata.

Tembe: Kwa nini mapema, na namna ya kuzimeza

Tembe zinazotolewa katika kliniki za umma nchini Kenya huunganisha miligramu 60 za chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki. Humezwa moja kila siku.

Asidi ya foliki inahitajika ili seli zigawanyike na kuongezeka. Kiwanda cha damu ni miongoni mwa sehemu za mwili ambako seli huzaana kwa kasi kubwa, kwa hiyo foliki ikikosekana, chembechembe hutoka chache, kubwa na dhaifu. Foliki pia huzuia kasoro za uti wa mgongo na ubongo. Mrija unaokuwa uti wa mgongo hufunga kabla ya siku 28 kupita tangu mimba itungwe. Ndiyo sababu mwanamke anayepanga kushika mimba anashauriwa kuanza kutumia foliki kabla, na aliyekwisha kushika mimba kwenda kliniki mara tu anapojua.

Wasiwasi unaojitokeza zaidi kuhusu tembe hizi una majibu:

Choo kuwa cheusi. Hiki ni chuma ambacho hakikufyonzwa. Si ugonjwa.

Kichefuchefu au kufunga choo. Tembe inaweza kumezwa jioni pamoja na chakula, au kabla ya kulala. Maji mengi, mboga na matunda husaidia choo. Hali ikizidi, mama asiache tembe kimya kimya. Aeleze kliniki ili ashauriwe.

Hofu kwamba tembe humfanya mtoto awe mkubwa kupita kiasi, na kujifungua kuwe kugumu. Tembe hazifanyi hivyo. Humsaidia mtoto kufikia uzito unaofaa.

Kusahau. Kuweka tembe mahali pamoja na kuzimeza saa ile ile kila siku husaidia. Mume, mama mkwe au mtoto mkubwa anaweza kupewa kazi ya kukumbusha. Tembe ziwekwe mbali na watoto wadogo, kwa kuwa tembe nyingi za chuma ni sumu kwao.

Chakula cha shambani na kikombe cha chai

Makueni haina uhaba wa vyakula vinavyojenga damu. Ndengu, kunde, mbaazi na maharagwe vina chuma na foliki. Isyo na muthokoi uliopikwa na mbaazi ni mlo mzuri. Mboga za majani kama mchicha na majani ya kunde huongeza. Nyama, kuku na samaki, pamoja na dagaa, vina chuma kinachofyonzwa kwa urahisi zaidi kuliko cha mimea. Maini yana chuma kingi, lakini pia yana vitamini A nyingi sana, kwa hiyo mjamzito asiyale kila mara.

Chuma cha mimea hufyonzwa vizuri zaidi kikiandamana na vitamini C. Chungwa, embe, papai, pera au maji ya limau pamoja na mlo wa ndengu huongeza faida ya mlo huo. Kwa kaunti inayojulikana kwa maembe na machungwa, huu ni msaada ulio nje ya mlango.

Kinachoharibu ni chai na kahawa. Vina kemikali zinazokamata chuma tumboni kabla hakijafyonzwa. Mama anayemeza tembe kwa chai ya maziwa, au anayekunywa chai pamoja na chakula, hupoteza sehemu ya chuma hicho. Si lazima aache chai kabisa. Ainywe saa moja au mbili kabla au baada ya mlo na tembe.

Wajawazito wengine hupata hamu ya kula udongo au mawe laini yanayouzwa sokoni. Hamu hiyo yenyewe inaweza kuwa dalili ya upungufu wa chuma. Udongo hauongezi damu. Huzuia chuma kufyonzwa na unaweza kuleta minyoo. Mama mwenye hamu hiyo asione haya kumweleza muuguzi.

Minyoo ya safura hunyonya damu utumbuni, na malaria huvunja chembechembe nyekundu na kujificha kwenye kondo. Dawa ya minyoo hutolewa kliniki baada ya miezi mitatu ya kwanza. Neti yenye dawa itumike kila usiku, hasa katika maeneo ya nyanda za chini baada ya mvua.

Kipimo cha Rh na maana yake

Kwenye kijitabu cha Mama na Mtoto, mbele ya kundi la damu kuna alama ya kujumlisha au ya kutoa. Hiyo huonyesha kama damu ina alama ya Rh au haina. Wengi wana alama ya kujumlisha. Wachache wana ya kutoa, yaani Rh hasi.

Mama wa Rh hasi akibeba mtoto wa Rh chanya, na damu ya mtoto ikapenya kidogo upande wa mama wakati wa kujifungua au mimba kuharibika, mwili wa mama unaweza kuiona damu hiyo kuwa adui na kutengeneza kingamwili. Mtoto wa kwanza mara nyingi hapati shida. Lakini katika ujauzito unaofuata, kingamwili hizo huvuka kondo na kuvunja chembechembe nyekundu za mtoto. Uboho, ini na wengu vya mtoto hulazimika kuzalisha kwa kasi kubwa kufidia. Vikishindwa, mtoto huvimba na moyo wake hulemewa.

Tatizo hili linazuilika. Kuna sindano inayotolewa mnamo wiki ya 28 na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto wa Rh chanya. Mama anayejua kwamba ni Rh hasi anapaswa kusema kila anapoingia hospitalini, hata ikiwa mimba imeharibika.

Siku ya kuzaliwa

Mtoto wa kilo 3 huzaliwa akiwa na damu ya takriban mililita 250 mwilini, kiasi cha kikombe kimoja cha chai. Sehemu nyingine ya damu yake bado iko kwenye kondo. WHO hushauri kitovu kisibanwe kabla ya dakika 1 kupita, isipokuwa mtoto anahitaji kusaidiwa kupumua mara moja. Katika muda wa dakika 1 hadi 3, damu hiyo hurudi kwa mtoto ikiwa na chuma cha kumfaa kwa miezi kadhaa. Ni faida inayopatikana bila gharama yoyote.

Mtoto akianza kupumua hewa, oksijeni huwa tele. Mwili wake hupunguza homoni ya erithropoietini, na uboho hupunguza kasi. Chembechembe za mtoto mchanga pia huishi muda mfupi, kati ya siku 60 na 90. Ndiyo maana kipimo cha damu hushuka hadi wiki ya 8 au zaidi, kisha hupanda tena. Kwa mtoto aliyetimiza miezi yake na mwenye afya, hali hii ni ya kawaida.

Chembechembe hizo zinapovunjika hutoa rangi ya manjano iitwayo bilirubini, ambayo ini changa huiondoa taratibu. Watoto wengi huwa na umanjano kidogo machoni na kwenye ngozi kuanzia siku ya pili au ya tatu. Lakini umanjano unaoonekana ndani ya saa 24 za kwanza, unaofika viganjani na nyayoni, au unaoandamana na mtoto kulala sana na kukataa kunyonya, ni dharura. Kumwota jua si tiba yake. Mtoto apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Himoglobini ya mtoto tumboni nayo huisha polepole, na nafasi yake kuchukuliwa na ya mtu mzima. Mtoto anapokaribia mwaka mmoja, ile ya awali huwa imebaki kidogo sana. Mabadiliko hayo yanaeleza kwa nini mtoto aliyerithi ugonjwa wa selimundu huonekana mzima miezi ya mwanzo, kisha huanza kuvimba vidole au kupata maumivu anapokaribia miezi 6. Himoglobini ya tumboni ilikuwa inamkinga. Madaktari wametumia elimu hiyo. Dawa ya hidroksiyurea husaidia wagonjwa wa selimundu kwa kuongeza himoglobini hiyo, na mnamo Novemba 2023 Uingereza ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuidhinisha tiba ya kurekebisha jeni inayoiwasha tena.

Wakazi wanashauriwa

Mama aanze kliniki mara tu hedhi inapokosa au kipimo kinapothibitisha mimba, na ahudhurie mara 8 kama WHO inavyopendekeza. Asisubiri tumbo lionekane.

Aulize kipimo chake cha himoglobini na kundi lake la damu, na ahakikishe vimeandikwa kwenye kijitabu.

Amezе tembe kila siku, mbali na chai, na arudi kuchukua nyingine kabla hazijaisha.

Aende kituo cha afya haraka akipata kizunguzungu au kuzimia, moyo kwenda mbio akiwa ametulia, kukosa pumzi kwa kazi ndogo, kupauka viganja, ulimi na ndani ya kope, au kutokwa damu kwa kiasi chochote.

Familia ipange mapema gari au pikipiki ya kumpeleka hospitalini, na watu wawili au watatu walio tayari kuchangia damu ikihitajika.

Mtoto akifikisha miezi 6, aendelee kunyonya huku akipewa vyakula laini vyenye chuma kama ndengu zilizopondwa, kiini cha yai na nyama iliyosagwa, kwa kuwa akiba aliyotoka nayo tumboni inakaribia kuisha.

Mwenye swali anaweza kumwuliza mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea kijiji chake, au kufika katika kituo cha afya cha umma kilicho karibu naye.